Ngome ya Hormuz, visima vya Qeshm na bei ya petroli Mombasa

Tarehe 14 Julai 2025, EPRA ilipotangaza bei za mwezi, petroli ilipanda kwa shilingi 8.99 kwa lita, dizeli kwa 8.67 na mafuta ya taa kwa 9.65. Nairobi lita ya petroli ikafika shilingi 186.31. Sisi wa Mombasa hulipa pungufu kidogo kwa sababu mafuta yanashukia hapa na hayajapanda bara, lakini ongezeko ni lile lile. Mwenye tuktuk wa Likoni amelihisi, mvuvi wa Vanga mwenye boti ya mashine amelihisi, na msafiri wa boti kutoka Lamu kwenda Faza atalihisi katika nauli ikiwa bado.

Maelezo ya EPRA yalikuwa mafupi: gharama ya kuagiza mafuta ilipanda mwezi wa Juni. Na Juni 2025 ndio mwezi ambao Israel na Iran walipigana kwa siku 12, kuanzia tarehe 13 hadi 24. Katikati ya vita hivyo, tarehe 22, Marekani ikapiga Fordow, Natanz na Isfahan, na siku hiyo hiyo bunge la Iran likaunga mkono hoja ya kufunga mlango wa bahari wa Hormuz. Hapo ndipo baraza zetu zikagawanyika. Wako waliosema Iran ikitaka inafunga kesho na dunia nzima itapiga magoti. Wako waliosema hayo ni maneno tu, mlango ule haujapata kufungwa na hautafungwa.

Naona pande zote mbili zinakosea mahali pamoja. Zote zinaufikiria mlango wa Hormuz kama mlango wa nyumba, wenye komeo: ama umefungwa, ama uko wazi. Historia ya ngome iliyojengwa pale haisemi hivyo. Na historia hiyo si ya watu wa mbali, maana mkono uliojenga ngome ya Hormuz ndio uliojenga Fort Jesus, na anguko la ile ya kwanza lilianzisha safari iliyoishia kwenye anguko la hii yetu.

Kisiwa cha Hormuz ni kidogo, kama kilomita 42 za mraba, karibu na pwani ya Iran upande wa Bandar Abbas. Ni kisiwa cha chumvi na udongo mwekundu. Maji ya kunywa hakina. Hata hivyo palikuwa na mji tajiri ambao Ibn Battuta aliupitia katika karne ile ile aliyofika Mombasa na Kilwa. Wafalme wake hawakulima wala hawakufuga. Waliishi kwa forodha. Meli kutoka India zikileta nguo na pilipili, farasi wa Uarabuni na Uajemi wakipelekwa India, lulu za Bahrain zikipita, kila kimoja kiliacha fungu lake Hormuz. Maji yalivushwa kwa mashua kutoka bara na kutoka kisiwa jirani cha Qeshm. Mambo haya mawili, forodha na maji, msomaji ayaweke akilini, kwa sababu ndiyo habari yenyewe.

Mwaka 1507 Afonso de Albuquerque alifika na meli chache. Mfalme alikuwa mtoto, na mambo yakiendeshwa na waziri, Khwaja Atar. Baada ya mapigano bandarini, Hormuz ikakubali kulipa ashrafi 15,000 kila mwaka na Albuquerque akaanza kujenga ngome. Hakuimaliza. Manahodha wake mwenyewe walimuasi, wakaona heri kwenda kuwinda meli za biashara kuliko kubeba mawe juani, naye akalazimika kuondoka. Alirudi mwaka 1515 na jeshi kubwa zaidi, akakishika kisiwa, akaimaliza ngome, na kabla ya mwaka kwisha akafa akiwa amekaribia Goa.

Sasa tujiulize swali ambalo vitabu vya shule hulipita haraka: ngome ile ililinda nini hasa? Mlango wa Hormuz, pahali pake pembamba kabisa, una upana wa kilomita kama 33. Mzinga wa karne ya 16 haukaribii hata kidogo umbali huo. Nahodha aliyetaka kupita mbali na kisiwa angeweza kupita na askari wa ngomeni asimwone. Kwa hiyo ngome haikuufunga mlango hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kulinda nyumba ya forodha, kuwapa manowari za Kireno mahali pa kulala, na kumweka mfalme wa Hormuz chini ya macho. Kilichowakamata wafanyabiashara baharini kilikuwa karatasi: kibali cha Wareno, ambacho chombo kisipokuwa nacho kilihesabiwa halali kutekwa. Ukitaka kibali, pitia forodhani. Wazee wetu wa Malindi, Mombasa na Pate waliijua karatasi hiyo vizuri, kwani mfumo huo huo uliletwa huku.

Watu wa Hormuz nao walielewa uchungu uko wapi. Walivumilia ngome. Mwaka 1521 Wareno walipoitia mkono nyumba ya forodha yenyewe, ndipo walipoasi, mfalme akakimbilia Qeshm na mji ukachomwa. Uasi ulishindwa. Waosmani nao walijaribu mwaka 1552: Piri Reis, yule bingwa wa ramani, aliiteka Muscat, akauzingira Hormuz, akaupora mji lakini ngome ikamshinda. Aliporudi alikatwa kichwa.

Kuta zile hazikuvunjwa na mzinga wa Waturuki. Tatizo lake lilikuwa kiu.

Shah Abbas wa Uajemi alilijua hilo na hakuwa na haraka. Mwaka 1602 aliichukua Bahrain. Mwaka 1614 akaichukua bandari ya bara iliyo mkabala na Hormuz, ile ambayo leo inaitwa kwa jina lake, Bandar Abbas. Ikabaki Qeshm, yenye visima. Wareno walishtuka wakiwa wamechelewa. Mwaka 1621 Ruy Freire de Andrade alijenga ngome nyingine Qeshm, kwa ajili ya kulinda maji tu. Waajemi chini ya Imam Quli Khan, gavana wa Fars, wakaizingira kutoka nchi kavu. Walichokosa ni manowari, na hapo wakawageukia Waingereza wa kampuni ya East India, ambao walitaka hariri ya Uajemi. Wakaafikiana: Waingereza walete meli, wapate nusu ya ushuru wa forodha. Qeshm ilianguka mapema mwaka 1622. Miongoni mwa waliokufa pale alikuwa William Baffin, yule baharia ambaye jina lake liko kwenye ramani ya bahari za barafu huko kaskazini mwa Kanada. Kisha Hormuz yenyewe, bila maji na bila msaada, ikasalimu amri mwanzoni mwa Mei 1622, baada ya zaidi ya miaka mia moja mikononi mwa Wareno.

Hata washindi waligombania ngawira. Mfalme James wa Uingereza, ambaye wakati ule alikuwa na amani na Uhispania, na Uhispania ndiyo iliyokuwa ikiitawala Ureno, hakuiadhibu kampuni kwa kupigana vita bila ruhusa. Alidai pauni 10,000, na kipenzi chake, Duke wa Buckingham, akadai 10,000 nyingine. Kampuni ikalipa. Shah naye aliihamishia biashara Bandar Abbas, na mji wa Hormuz ukafa. Ngome imebaki gofu la mawe mekundu, na sehemu yake imeliwa na bahari.

Anguko la Hormuz liliwasukuma Wareno hadi Muscat, na Muscat nayo wakaipoteza mwaka 1650 kwa Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaarubi. Tangu hapo watu wa Pwani yetu wakajua kwamba Mreno anashindika, tena anashindwa na watu wenye majahazi kama yao. Mombasa ilikuwa imekwisha kujaribu peke yake mwaka 1631, siku ambazo Yusuf bin Hasan aliitwaa Fort Jesus kutoka ndani. Safari hii wajumbe wakaenda Oman kuomba msaada. Mwaka 1652 Waomani wakaipiga Unguja, na Machi 1696 wakaanza kuizingira Fort Jesus, ngome iliyojengwa kuanzia 1593 baada ya Wareno kutishwa na Mturuki mwingine, Ali Bey, aliyekuja huku mara mbili.

Mzingo wa Mombasa ulichukua miezi 33, na kwa kiasi kikubwa ni habari ya Hormuz tena. Ngome haikubomolewa. Walioimaliza ni maradhi na njaa. Mwaka 1697 Wareno karibu wote walikuwa wamekufa, na kwa muda ngome ikashikwa na Bwana Daud wa Faza na watu wake mpaka meli za msaada zikafika. Hili huwa hatupendi kulisema kwa sauti: katika ngome ile kulikuwa na Waswahili ndani na Waswahili nje, kila upande na hesabu zake. Faza ilikuwa na ugomvi wake na Pate, na Mreno kwao alikuwa chombo cha ugomvi huo. Desemba 1698 Waomani wakaingia. Anayezuru Fort Jesus leo huonyeshwa birika la kuvunia maji ya mvua, na kisima kirefu ambacho maji yake ni ya chumvi, hayanyweki. Asimame hapo kidogo kabla ya kwenda kupiga picha kwenye mizinga.

Kuna kipindi kimoja ambacho pwani hizi mbili zilikuwa chini ya mtu mmoja, na wengi hawakijui. Tangu mwishoni mwa karne ya 18 hadi 1868, watawala wa Muscat waliikodi Bandar Abbas pamoja na visiwa vya Hormuz na Qeshm kutoka kwa Uajemi. Maana yake ni kwamba Seyyid Said, aliyeitia Mombasa mkononi mwaka 1837 kwa kuwaondoa Mazrui, alikuwa pia na forodha ya mlango wa Hormuz. Askari wa Kibulushi aliowaweka Fort Jesus walitoka pwani ya Makran, inayoanza pale mlango unapoishia. Msikiti wao uko Makadara mpaka leo na wajukuu zao ni majirani zetu. Kwa hiyo mtu wa Mombasa akisema Hormuz haimhusu, amemsahau jirani yake wa mtaa.

Turudi Juni. Kwa hesabu za shirika la takwimu za nishati la Marekani, mwaka 2024 mapipa kama milioni 20 ya mafuta yalipita Hormuz kila siku, yaani karibu sehemu moja ya tano ya mafuta yaliyotumika duniani. Gesi ya Qatar ilipita pale pia. Nyingi ya shehena hizo zilienda Asia: China, India, Japani, Korea Kusini. Njia za meli, ya kuingia na ya kutoka, kila moja ina upana wa kilomita tatu hivi, nazo zinapita upande wa Oman, mbele ya Musandam.

Je, mlango ulifungwa? Haukufungwa. Lakini tazama kilichotokea bila komeo kuguswa. Mitambo ya setilaiti inayoonyesha meli ziko wapi ilivurugwa, na tarehe 17 Juni meli mbili za mafuta, Front Eagle na Adalynn, ziligongana karibu na mlango. Bima ya vita ikapanda. Gharama ya kukodi meli kubwa za mafuta ikapanda. Mafuta ghafi ya Brent yakakaribia dola 80 kwa pipa, hata yakavuka kwa saa chache, kisha vita viliposimama yakarudi chini ya 70. Tarehe 23 Iran ikarusha makombora kwenye kambi ya Wamarekani ya Al Udeid, Qatar ikafunga anga yake, na vijana wetu wanaofanya kazi Doha na Dubai wakakwama viwanjani.

Huko ndiko kutoza. Iran haihitaji kufunga mlango ili dunia ilipe. Yatosha kuutia wasiwasi. Ngome ya siku hizi haina haja ya kuta. Ni droni, ni kombora lililofichwa pwani, ni boti ndogo za kasi, ni bomu lililotegwa majini. Katika vita vya Iran na Iraq, kuanzia 1984, mamia ya meli zilishambuliwa katika Ghuba. Mwaka 1987 Marekani ikazipa meli za Kuwait bendera yake ili izisindikize. Aprili 1988 manowari yake moja ikakanyaga bomu, na Julai mwaka huo manowari nyingine ikaitungua ndege ya abiria ya Iran, watu 290 wakafa. Katika yote hayo mafuta hayakuacha kupita. Yalipita kwa bei.

Wanaosema Iran itafunga kabisa wanasahau pia kwamba Iran yenyewe ina kiu yake. Mafuta yake mengi yanatoka kupitia mlango huo huo kwenda China. Kuufunga kabisa ni kama Mreno kuvijaza mchanga visima vya Qeshm akiwa bado anaishi Hormuz. Haimaanishi haiwezekani. Watu hufanya mambo ya kujiumiza wakibanwa. Lakini lililo karibu zaidi, na ambalo tumekwisha kuliona, ni mlango ulio wazi wenye ushuru usioandikwa. Bab el Mandeb imetufundisha hilo tangu Novemba 2023: Wahouthi hawakuifunga Bahari ya Shamu, na Julai 2025 tena walizamisha meli mbili, Magic Seas na Eternity C. Meli nyingi ziliendelea kuzunguka Afrika kusini badala ya kupita huko, na gharama iliingia kwenye kila kontena.

Sasa je, visima vyetu viko wapi? Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilianza kazi mwaka 1963. Kwa miaka 50 Kenya ilinunua mafuta ghafi na kuyasafisha hapa. Mwaka 2013 kikasimama, na matangi yake sasa ni ghala chini ya kampuni ya mabomba ya mafuta. Sisemi kiwanda kile kilikuwa cha kisasa au cha faida. Kilichakaa na wenye biashara ya mafuta walikilalamikia miaka mingi. Lakini tangu kifungwe, kila lita tunayotumia huja ikiwa imesafishwa tayari. Na tangu 2023, chini ya ule mpango wa serikali kwa serikali, inatoka kwa kampuni tatu tu, zote za Ghuba: Saudi Aramco, ADNOC na ENOC. Ruwais na Jebel Ali, ambako ADNOC na ENOC wana viwanda vyao, zote ziko ndani ya mlango wa Hormuz. Saudi Arabia ina bomba la kupeleka mafuta Yanbu kwenye Bahari ya Shamu, na Emirati wana bomba la Fujairah lililo nje ya mlango. Mabomba hayo hayatoshi kubeba yote yanayopita Hormuz, na ikitokea dharura mwenye kupewa kwanza si mteja mdogo wa Mombasa.

Mpango huo uliletwa kwa sababu dola zilikuwa adimu, na mkopo wa siku 180 ulisaidia. Naukubali ukweli huo. Lakini ni mpango wa shida ya mwaka 2023 unaoendelea kurefushwa wakati shida imebadilika. Leo hatari si dola, ni njia. Wabunge wa Pwani, ambao bandari hii iko mlangoni kwao, wangefaa kuuliza swali moja jepesi: mkataba unasema nini meli isipoweza kutoka Ghuba? Nani anabeba bima ya vita, muuzaji au sisi? Mkataba haukuwekwa mezani wananchi wausome, kwa hiyo tunajibiwa na pampu.

La pili ni akiba. Sheria inazungumzia akiba ya kimkakati ya mafuta ya taifa, lakini serikali haijaiweka. Tulichonacho ni kile ambacho wafanyabiashara wameweka kwa biashara yao. Gati jipya la mafuta la Kipevu, lililofunguliwa 2022, linaweza kupokea meli kubwa, na matangi ya Changamwe yapo. Uganda, Rwanda na Sudan Kusini pia zinanywea hapa hapa. Pahali pa birika tunapo. Kilichokosekana ni uamuzi wa kulijaza wakati mvua ingali inanyesha, yaani wakati bei iko chini, kama ilivyokuwa Mei, kabla ya makombora.

Na lipo la ndani kabisa, ambalo halina Israel wala Iran. Julai 2023 kodi ya thamani kwenye mafuta ilitoka asilimia 8 hadi 16. Julai 2024 tozo ya matengenezo ya barabara ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Mvuvi wa Kipini anailipa tozo hiyo ya barabara katika petroli ya mashine yake, na baharini hakuna lami. Wavuvi wamelisema hili miaka mingi. Vita vikiisha bei ya Ghuba hushuka, kama ilivyoshuka mwisho wa Juni. Tozo haishuki. Kwa hiyo baada ya vita vya Juni 2025 kulikuwa na vipimo viwili vya kuangalia katika matangazo ya EPRA yaliyofuata: kama gharama ya kuagiza ingerudi ilikokuwa kabla ya vita, na kama bei ya pampu ya Mombasa ingerudi nayo kwa kiasi kile kile.